Toa Nne

Katika hospitali ile kulikuwa na majengo mawili yaliyotazamana. Katikati yake, mahali ambapo mtu angetarajia bustani au walau benchi, palikuwa na chumba kirefu cha bati ambamo cherehani tatu zililia tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kulia, jengo la wazazi. Kushoto, jengo la uvimbe, ambalo watu waliliita "kule" na kuishia hapo, kwa kuwa hakuna aliyependa kulitaja kwa jina lake. Chumba cha cherehani kiliyahudumia yote mawili: mashuka, foronya, magauni ya madaktari wa upasuaji, na yale mashuka mazito ya kijani yenye tundu katikati, ambayo humfunika mgonjwa mwili mzima yakaacha wazi pale tu panapopasuliwa. Mafundi waliliita tundu hilo dirisha.

Mwenye habari hii alikuwa ameshona madirisha kwa miaka tisa. Hospitali nzima ilimwita Pindo. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, siku msimamizi wa chumba alipochukua shuka la kwanza la mgeni, akaligeuza, akavaa miwani, akautafuta uzi asiuone. Msimamizi huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano aliyeitwa Bi Mkasi, na mkasi wake haukuazimwa hata na mkurugenzi.

"Hili pindo umelishona au umelibandika kwa mate?"

"Nimeshona, Bi."

"Haya, kaa pale penye mwanga. Kuanzia leo wewe ni Pindo. Jina la kwenu utalitumia kwenu."

Kwao walikuwa wamemtarajia awe muuguzi. Alitaka mwenyewe, alama za sayansi ndizo zilizokataa, kwa nukta moja. Akajifunza kushona, akaomba kazi hospitalini, akawa anawavalisha wale ambao angependa kuwa mmoja wao, bila kinyongo. Aliolewa na fundi wa majokofu, mwanamume mrefu mpole aliyeweza kusimama mlangoni mwa jiko la mtu, akatega sikio, akasema mashine imeugua wapi kabla hajafungua hata parafujo moja. Nyumbani waliitana Fundi, wote wawili, na mama mkwe aliyeishi nao alikuwa akilalamika kwamba akiita "Fundi!" wanaitika wawili, akitaka chai haji hata mmoja.

Miaka minane ya ndoa ilipita hivyo. Mimba mbili zilikuja zikaondoka kabla ya mwezi wa tatu. Ya tatu ilikaa. Ilimtapisha mwezi mzima, akiwa amelala nyumbani na ndoo kando, mama mkwe akimpepea na kumshukuru Mungu kwa kila tapiko. Aliporudi kazini, amekonda na anang'aa, Bi Mkasi alimwondoa kwenye mashuka mazito akampa foronya.

Sasa, habari ya tepu.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa ikiomba tepu za kupimia matumbo kutoka chumba cha cherehani. Kwa miaka mingi ilitumia tepu moja kuukuu iliyokuwa imechakaa kichwa hadi kikakatwa, kwa hiyo ilianzia kwenye nne. Aliyepima nayo alisoma alichosoma, kisha akatoa sentimita nne. Kila mtu alijua. Neno lenyewe likawa utani wa hospitali. Muuguzi akitaja umri wake, wenzake walisema, "Toa nne." Mpishi akisema amebakiza sahani kumi, "Toa nne." Hata mchungaji aliyekuja kuombea wagonjwa alipoahidi kuhubiri dakika ishirini, sauti ilitoka nyuma: "Ongeza nne!"

Wiki ya kumi na sita, Pindo alilala chali kwenye kitanda cha kliniki, macho kwenye dari, ambapo maji yalikuwa yamechora doa lenye umbo la kiatu. Muuguzi alikuwa mgeni, amehamishwa kutoka wodi ya watoto. Aliubana mwanzo wa tepu chini ya kidole gumba kwenye mfupa wa kinena, akaivuta mpaka kileleni mwa tumbo, akakunja uso.

"Ishirini. Dada, una hakika na tarehe zako? Ishirini ni nyingi kwa wiki kumi na sita."

Pindo alicheka. Alikuwa nyumbani kwake hapa. "Nesi, tepu hiyo ni yetu sisi. Haina kichwa. Toa nne."

"Eti?" muuguzi alimuuliza mwenzake aliyekuwa akiandika kwenye meza ya pili.

"Toa nne," alijibu mwenzake bila kuinua kichwa. "Kila mtu anajua."

Ikaandikwa kumi na sita. Wiki kumi na sita, sentimita kumi na sita. Kadi yake ya kijani ya kliniki ikapendeza.

"Ila huku kushoto kunanivuta," Pindo alisema akivaa viatu. "Nikiinama kukanyaga cherehani ni kama mtu ameshika kitambaa upande wa pili."

"Ni mishipa ya mfuko wa uzazi inanyooka. Mimba ya ngapi?"

"Ya tatu. Ya kwanza kufika hapa."

"Basi furahi, dada."

Na Pindo akafurahi, kwa kuwa mwanamke mjamzito akisema anaumwa huambiwa afurahi, na akisema tena huambiwa anadeka. Maumivu yake yote hupewa jibu moja, jibu lenyewe limo tumboni mwake, na baada ya hapo hakuna anayehangaika kutafuta jingine. Wiki ya ishirini tepu ilisoma ishirini na sita. Pindo akasema toa nne, muuguzi akatoa nne.

"Bado umezidi mbili."

"Mume wangu mrefu, nesi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka zaidi ya wote, mkono ukiwa umeshika ubavu wa kushoto.

Juma lilelile Bi Mkasi aliamua kumshonea gauni la kazi. Sketi zilikuwa zimemkataa, na Bi Mkasi hakuvumilia kumwona fundi wake amefunga pini za usalama kiunoni kama mtu aliyetoroka moto. Alimsimamisha juu ya kigoda, akamvika kitambaa, akachora mstari wa chaki katikati kutoka kifuani hadi chini, akaanza kubana pini za pindo.

"Simama sawa."

"Nimesimama sawa, Bi."

"Hujasimama sawa. Kushoto kumepanda."

Pindo alijinyoosha. Bi Mkasi alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaja akang'oa pini zote akaanza upya. Mstari wa chaki, ambao ulipaswa kushuka kama uzi wenye jiwe, ulikuwa umepinda juu ya tumbo ukakwepa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa umekula kitambaa.

"Geuka. Geuka tena." Sauti ya Bi Mkasi ilikuwa imepungua. Kwa miaka thelathini alikuwa amewavalisha wanawake wa kila umbo, waliobeba mmoja na waliobeba mapacha, na mkono wake ulijua tumbo linavyokaa. "Kliniki wanapima kutoka wapi mpaka wapi?"

Pindo alimwonyesha. Bi Mkasi aliivua tepu shingoni mwake, akapima.

"Wameandika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Mimi napata ishirini na sita."

"Basi toa nne, Bi."

"Nitoe nne ya nini? Tepu yangu ina kichwa, hii hapa."

"Ya kwao ndiyo haina."

Bi Mkasi aliigeuza tepu mkononi mwake. "Ile mbovu niliitia motoni mimi mwenyewe," alisema. "Ulipokuwa nyumbani unatapika. Zilikuja mpya, nikawapelekea moja nzima. Nilimkabidhi yule mnene wa zamu, aliyekwenda likizo."

Cherehani mbili zilizokuwa zikilia zilinyamaza. Pindo alishuka kigodani akaketi juu ya robota la mashuka, gauni likiwa bado limejaa pini.

"Nesi aliona," alisema. "Aliona mara ya kwanza, wiki nne zilizopita. Mimi ndiye niliyemwambia atoe."

Hakuna mahali pengine duniani ambapo kosa lile lingetokea. Mwanamke mwingine yeyote angeulizwa tarehe zake mara ya pili, angepelekwa kupigwa picha ya tumbo. Pindo aliponzwa na ujuzi wake, na zaidi na kule kutaka, baada ya miaka minane, kila kitu kilingane.

Saa ileile Bi Mkasi alimshika mkono akampeleka chumba cha picha. Foleni iliwapisha bila maneno. Uso wa Bi Mkasi haukuwa wa kuzuiwa siku hiyo. Dada wa picha alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akageuza kioo.

"Huyu hapa mtoto. Mzima. Moyo huu, unauona? Anapiga mateke kama ana deni na mtu." Kisha kifaa kikasogea kushoto, kikakaa. Kikasogea kidogo, kikarudi palepale. Kioo kikageuzwa taratibu kikatazama ukutani.

"Naenda kumwita daktari. Usivae."

Daktari wa wazazi alikuwa mwanamume mkubwa mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Pindo. Alimweleza wazi, na kwa hilo astahili sifa. Mtoto alikuwa na ukubwa wa wiki zake. Lakini kwenye kifuko cha mayai cha kushoto kulikuwa na uvimbe ulioanza kukaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, nao ulikuwa umekipandisha kizazi na kukisukuma kulia. Kwa sura yake, na kwa majibu ya damu yaliyokuja siku tatu baadaye, alihofia saratani ya aina adimu inayoanzia kwenye chembe za mayai yenyewe, ya wanawake wenye umri mdogo. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameiona mara mbili. Kwa mjamzito, hajawahi.

"Inatibika?"

"Aina hii hutibika vizuri, ikiwahiwa."

Pindo alirudi nyumbani akilibeba neno hilo la mwisho kama yai.

Kuwahiwa. Daktari wa wazazi aliandika barua kwenda jengo la uvimbe: mgonjwa ana saratani, tafadhali mpasueni. Pindo alipewa kadi ya pili, nyekundu. Alivuka ua, akapita mbele ya mlango wa chumba chake cha kazi, akaingia kule. Karani wa mlangoni alilitazama tumbo akatabasamu.

"Umepotea, dada. Wazazi ni jengo lile."

"Sijapotea."

Daktari wa uvimbe alikuwa mwanamke mkavu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mwenye sifa ya mikono isiyotetemeka. Aliisoma barua mara mbili. Akasema utaratibu wa idara yake haumruhusu kumgusa mjamzito. Ama ajifungue kwanza, ndipo waanze. Ama mimba itolewe, na waanze wiki ijayo. Alisema haya pasipo ukatili, kama mtu anayesoma ratiba ya mgao wa maji.

"Nikisubiri kujifungua, uvimbe utasubiri?"

"Siwezi kukuahidi."

"Na nikitoa, nitapata mwingine?"

"Hilo pia siwezi kukuahidi."

"Hakuna njia ya kuutoa huu na kumwacha huyu?"

Daktari alivua miwani. "Ipo. Sehemu nyingine imefanywa. Lakini inataka daktari wa wazazi awepo pale mezani, amshike mtoto wakati mimi nashughulika na uvimbe. Mimi peke yangu siwezi. Nitamwandikia." Akaandika: mgonjwa ni mjamzito, tafadhali mshughulikieni kwanza ninyi.

Daktari wa wazazi akaijibu: sisi hatupasui saratani. Barua zikawa nne, zikawa tano. Zilipelekwa na mgonjwa mwenyewe, maana mafaili ya jengo moja hayakuvuka ua. Sheria hiyo iliwekwa miaka mingi nyuma baada ya mafaili kadhaa kupotea, na waliopoteza walikuwa wamekwisha kustaafu. Kila jibu lilichukua siku mbili au tatu. Watu wawili waliosoma chuo kimoja, ambao milango yao ilitenganishwa na hatua themanini na sita, walikuwa wakitupiana mwanamke mzima kama mpira, kwa mwandiko mzuri na neno "tafadhali." Pindo alikwenda na kurudi kama uzi wa bobini. Kulia, wanawake wenzake walipoiona kadi nyekundu walisogeza viti. Kushoto, wagonjwa waliokonda waliliangalia tumbo lake kwa huruma iliyomchoma kuliko chuki. Katikati alikaa akashona foronya, kwa sababu hapo tu ndipo alipojulikana ni nani.

Nyumbani hapakuwa na upenyo pia. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Ndoo hakumwachia, jiko hakumwachia, alimfuata hadi mlango wa choo na kumngoja.

"Mwanangu, hao wa mashine wanaona vivuli," alisema, akimenya viazi. "Mimi nilibeba watano, kila mmoja alikaa upande wake. Mwache mtoto azaliwe. Mengine yatafuata."

"Mama, mengine hayafuati nyuma. Yanakua naye."

"Sasa unataka wakupasue akiwa ndani? Kisu kipite jirani na kichwa cha mjukuu wangu?" Kisu chake mwenyewe kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. "Miaka minane nimekunyamazia. Sijawahi kukuuliza neno. Leo naomba."

Mumewe alikaa kizingitini, mgongo umejikunja. Yeye aliyesikia kasoro ya kila mashine mtaani alikuwa amelala ubavuni mwa hii ya kwake kwa wiki ishirini bila kusikia kitu, na jambo hilo lilimla.

"Fundi," Pindo alimwita, "wewe unasemaje?"

"Nakutaka wewe."

"Na mtoto?"

Aligeuza uso kuelekea nje. Kisha: "Usiniulize nichague, Fundi. Nikichagua mmoja, nitakuwa nimemwambia mwingine afe."

Pindo alitazama mlango, akamwona mume. Akatazama jiko, akamwona mama. Mle ndani kila mtu alimpenda, na hapakuwa na pa kupitia. Naye alijua anachotaka, ingawa hakuna aliyemuuliza kwa namna iliyomruhusu ajibu: alitaka uvimbe utoke na mtoto abaki, kama walivyosema sehemu nyingine wanafanya. Alichokosa ni madaktari wawili ndani ya chumba kimoja. Na wiki zilikuwa zikikimbia. Daktari wa wazazi alikuwa amemwambia kwamba kizazi kikizidi kukua, njia ya kuufikia uvimbe itazibwa, na baada ya hapo hata wakitaka hawataweza.

Wiki ya ishirini na mbili, siku ya Jumatano, orodha ya upasuaji ilibandikwa ukutani mwa chumba cha cherehani kama kila wiki, ili mafundi waandae vifurushi vya nguo. Pindo aliisoma kwa mazoea. Alhamisi, chumba namba moja, daktari wa wazazi, saa tatu. Alhamisi, chumba namba mbili, daktari wa uvimbe, saa tatu. Akaisoma tena.

"Bi Mkasi. Kesho wanavalia wapi?"

"Wapi tena? Chumba cha kubadilia ni kimoja. Upande wa wanaume, upande wa wanawake, katikati kabati letu la magauni." Bi Mkasi aliacha kukata. Mkasi ulibaki umefunguka hewani. Kabati hilo lilijazwa kila asubuhi na chumba cha cherehani, kwa kuwa magauni yalikuwa machache na bila ya gauni hakuna daktari anayesogelea meza. "Ewe mtoto," alisema polepole, "kumbe una akili mbaya hivi na hukuniambia miaka yote tisa?"

Alhamisi, saa tatu kasorobo, kabati lilikuwa tupu. Bi Mkasi alikuwa amepita kwanza kuhakikisha hakuna mgonjwa aliyelazwa mezani wala dharura njiani. Daktari mwanamume alitoka upande wake amevaa fulana na suruali ya kijani, mikono mitupu. Daktari mwanamke akatoka upande wake vilevile. Wakasimama mbele ya kabati lililo wazi.

"Watu wa cherehani wameshaanza mambo yao," alisema daktari wa wazazi.

"Yako yapo? Yangu hayapo."

"Hayapo yote."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Pindo, tumbo mbele, mikononi magauni mawili yaliyokunjwa, na juu yake barua sita. Bi Mkasi alibaki mlangoni, akauegemea kwa mgongo mpana.

"Shikamooni," Pindo alisema. "Magauni yenu haya hapa. Na barua zenu hizi hapa. Hizi tatu, daktari, umemwandikia huyu. Hizi tatu, daktari, wewe umemwandikia huyu. Mimi nimechoka kuzibeba. Nimeona niwalete muulizane kwa mdomo."

"Dada, hapa si mahali pake," alianza daktari wa wazazi.

"Mahali pake ni wapi? Kwako nimeambiwa si hapa. Kwake nimeambiwa si hapa. Nimeshona nguo za hospitali hii miaka tisa, najua vyumba vyote. Nioneshe kimoja ambacho ni mahali pangu, nitoke humu sasa hivi."

Pindo aliwanyoshea barua zote.

"Mmoja ananiambia nisubiri, mwingine ananiambia nitoe. Njia ya tatu ipo, wewe mwenyewe umesema, na inawataka nyinyi wawili tu. Mko wawili. Ulizaneni."

"Na haraka kidogo," Bi Mkasi aliongeza kutoka mlangoni, "wagonjwa wanawangoja, na mimi mgongo unauma."

Daktari wa uvimbe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alichukua barua, si gauni. Alisoma zile za mwenzake na zake mwenyewe, akiwa amesimama na fulana, na kadiri alivyosoma kichwa chake kilizidi kuinama.

"Wiki ya ngapi sasa?" aliuliza.

"Ishirini na mbili na siku tatu," alijibu daktari wa wazazi, na ikaonekana kwamba amekuwa akizihesabu.

"Ungeweza kusimama nami Alhamisi ijayo?"

"Ningeweza hata juzi. Hukuniita."

"Hukuuliza."

Walitazamana kidogo kama watoto waliokamatwa. Kisha wakaanza kuzungumza kwa lugha yao, dawa za kutuliza kizazi, ukubwa wa mkato, nani ashike nini, na Pindo akasimama katikati yao na magauni mikononi, akiwa amesahauliwa kabisa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika wiki hizo zote kusahauliwa kukamfaa.

Shuka la upasuaji wake alilishona mwenyewe. Daktari wa uvimbe alikuja chumbani kwao, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaeleza kwamba dirisha la kawaida halitafaa: alihitaji refu zaidi, lianzie juu ya kitovu, na liegemee kushoto. Bi Mkasi alitaka kumnyang'anya kitambaa. Pindo alikataa. Alikata, akapinda kingo mara mbili, akashona mzunguko mzima kwa uzi ambao hakuna ambaye angeuona. Mama mkwe alipoambiwa ni Alhamisi, alikwenda akafua khanga zake zote mbili nzuri, akaziweka kwenye mfuko wa hospitali, akakaa kando ya mfuko akiushika kana kwamba utakimbia.

Siku yenyewe, kabla ya usingizi wa dawa, Pindo alihisi uzito wa shuka likimshukia kifuani na mapajani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alikuwa ameyashona mamia na hajawahi kulala chini ya hata moja. Mikono ilikuwa imefungwa pembeni, taa imesimama juu ya macho, na kila kitu chake kilikuwa kimefunikwa isipokuwa pale dirishani. Alisikia sauti mbili upande wa kulia na upande wa kushoto zikizungumza juu yake, na kwa mara ya kwanza zilikuwa kwenye meza moja. Akatafuta kwa kidole pindo la shuka, akalipata, akalishika.

Uvimbe ulitoka mzima, pamoja na kifuko chake. Mtoto hakutikisika, au alitikisika kidogo na kutulia tena. Majibu ya maabara yalithibitisha ile saratani adimu, nayo ilikuwa imeanza kutafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo zingefuata dripu za dawa kali, kila baada ya wiki tatu, mtoto akiwa ndani, kwa makadirio ya watu wawili ambao sasa walilazimika kuandika kwenye karatasi moja. Hakuna aliyemwahidi chochote. Nywele zilianza kudondoka juu ya foronya, naye akazipangusa akaendelea kushona. Lango la kule na lango la huku yote yalibaki yake, na katikati hapakuwa na njia ya tatu ya kwenda nyumbani.

Ila kadi alizishona pamoja. Aliipanga ya kijani juu ya nyekundu, akazipitisha kwenye cherehani, mishono mitatu ya kwenda na kurudi.

"Hizi ni kadi mbili," karani wa kule alilalamika.

"Zilikuwa."

Wiki ya ishirini na saba alilala tena chini ya lile doa la kiatu. Alikuwa muuguzi yuleyule. Aliichukua tepu, mikono haina raha, kwa maana habari ilikuwa imemfikia, na alikuwa amelia chooni siku hiyo ilipomfikia.

"Dada, mimi..."

"Subiri." Pindo alinyoosha mkono. "Nipe kichwa."

Akakishika kichwa cha tepu kwa vidole vyake mwenyewe, akakipapasa ukingo, kile chuma chembamba kilichoanzia kwenye sifuri, akakibonyeza kwenye mfupa wa kinena, juu ya kovu lililokuwa bado laini. Muuguzi akaivuta hadi kileleni.

"Ishirini na saba," alisema, na midomo yake, kwa mazoea tu, ikaanza kufunguka kwa neno lingine.

"Usitoe kitu, nesi," Pindo alimwambia, macho yakiwa darini. "Andika ulichokiona."